Umeongeza Ukubwa wa Matairi ya Pikapu? Piga Hesabu ya Difu Kabla Hujapakia Mzigo

Wiki zilizopita tumeongea sana kuhusu mbegu, viuatilifu na soko. Leo tunatoka shambani kidogo tunaingia barabarani, maana mzigo ulioulima kwa miezi minne unaweza kuliwa faida yake ndani ya safari moja.

Utaniuliza, afisa ugani na magari wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Kwenye stashahada ya kilimo tunasoma zana za kilimo, na trekta ndiyo zana kubwa. Kanuni zinazofanya trekta livute plau ndizo zinazofanya pikapu yako ipande mlima na magunia. Na kwa mkulima wa biashara, pikapu ni zana kama pampu au jembe la kukokotwa. Lazima uielewe.

Swali ninalokutana nalo mara kwa mara kwa vijana ni hili: "Afisa, gari langu limekuwa zito ghafla. Nimelifungia matairi mapya, makubwa, yamekaa kibabe kabisa. Lakini tangu hapo halichanganyi. Fundi kasafisha nozeli, kabadilisha filta ya dizeli na ya hewa, bado. Nini tatizo?"

Mara nyingi injini haina ugonjwa wowote. Matairi yenyewe ndiyo yamebadilisha hesabu ya gari. Tuone inakuwaje, halafu tuone ufanye nini.

1. NGUVU INASAFIRI VIPI HADI BARABARANI

Injini inazungusha shafti kwa nguvu fulani ya kusokota. Nguvu hiyo peke yake ni ndogo, haiwezi kuondoa gari lenye mzigo. Inapita kwenye giaboksi inazidishwa. Kisha inashuka kwa propela hadi kwenye difu, inazidishwa tena. Mwisho inafika kwenye tairi, na tairi linaisukuma ardhi. Gari linaondoka.

Ndani ya difu kuna meno ya aina mbili: pinioni, ambayo ni ndogo na inazungushwa na propela, na krauni, ambayo ni kubwa na inazungusha magurudumu. Ukigawa idadi ya meno ya krauni kwa meno ya pinioni unapata namba ya difu. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 inakupa 4.1. Maana yake propela inazunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mwendo unapungua mara 4.1, na nguvu ya kusokota inaongezeka mara 4.1.

Namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu zaidi ya kuondoka na kupanda, ila injini inalia zaidi ukiwa kwenye lami. Namba ikiwa ndogo, injini inatulia kwenye lami lakini gari linakuwa zito mlimani. Ni kama baiskeli ya gia: ukiweka gia nyepesi unapiga pedeli nyingi lakini mlima unapanda.

Sasa tairi linaingia wapi? Fikiria kisima cha kamba chenye gogo la kuzungushia. Gogo likiwa nene, kila mzunguko mmoja unavuta kamba ndefu zaidi, ndoo inapanda haraka. Lakini mkono wako unaumia, kwa sababu ndoo ileile imekuwa nzito kwako. Tairi kubwa ni gogo nene. Kila mzunguko linakwenda mbali zaidi, lakini nguvu ya kusukuma ardhi inapungua kwa kiwango kilekile ambacho umbali umeongezeka.

Kwa hiyo ukiongeza kimo cha tairi, ni sawasawa na kupunguza namba ya difu bila kufungua difu. Na hiyo inagusa gia zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na rivasi.

2. SOMA TAIRI LAKO

Kwenye ubavu wa tairi kuna maandishi kama 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita: 265. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana: asilimia 70 ya 265 ni milimita 185.5. Ya mwisho ni ukubwa wa rimu kwa inchi: 16. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ni milimita 406.4.

Kimo cha tairi zima ni rimu ukijumlisha ubavu wa juu na ubavu wa chini: 406.4 + 185.5 + 185.5 = milimita 777.

Pikapu nyingi za kazi, zikiwemo Hilux za zamani, zimevaa 205R16. Hapo namba ya katikati haikuandikwa, na ubavu huwa karibu asilimia 80 ya upana. Kimo chake ni kama milimita 734.

Tulinganishe matairi matatu, yote ya rimu ya inchi 16:

205R16: milimita 734
265/70R16: milimita 777, yaani limezidi la kwanza kwa asilimia 6
285/75R16: milimita 834, yaani limezidi la kwanza kwa karibu asilimia 14

Hutaki hesabu? Chukua chaki. Piga alama chini ya tairi na kwenye sakafu, sukuma gari mpaka alama ya tairi irudi chini tena, kisha pima umbali kwa futikamba. Tairi la 205R16 litakwenda kama mita 2.3. Lile la 285/75R16 litakwenda kama mita 2.6. Tofauti hiyo ya sentimita 30 kwa kila mzunguko ndiyo inayoifanya injini yako ihangaike.

3. FAHAMU NAMBA YA DIFU YAKO

Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna kibati kwenye chumba cha injini chenye sehemu iliyoandikwa AXLE. Kodi iliyo hapo humwonyesha fundi au muuza vipuri ni difu gani ilitoka nayo kiwandani. Lakini gari la mtumba linaweza kuwa limeshabadilishwa difu huko lilikotoka, au hapa kwetu. Njia ya uhakika ni kuhesabu.

Weka gari mahali tambarare. Ziba magurudumu ya mbele kwa mawe au vigogo, mbele na nyuma. Nyanyua gurudumu moja la nyuma, kisha weka stendi imara chini ya ekseli, usitegemee jeki peke yake. Weka gia huru, achia hendibreki, na kama ni 4x4 hakikisha hujaingiza magurudumu ya mbele. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Wewe zungusha tairi taratibu mara 20 kamili, mwenzako ahesabu propela imezunguka mara ngapi.

Propela ikizunguka mara 41, difu yako ni 4.1. Ikizunguka mara 43, ni 4.3. Kwa nini mara 20 na si 10? Kwa sababu gurudumu lingine liko chini limesimama, difu ya kawaida inagawa mzunguko nusu kwa nusu. Mizunguko 20 ya gurudumu moja ni sawa na 10 ya magurudumu yote mawili. Kama gurudumu lililonyanyuliwa linagoma kabisa kuzunguka, huenda difu yako ni ya kufunga, kazi hiyo mwachie fundi.

Kwenye pikapu za Toyota utakutana na difu kama hizi: 3.909 (meno 43 kwa 11), 4.1 (41 kwa 10), 4.3 (43 kwa 10), 4.556 (41 kwa 9) na 4.875 (39 kwa 8). Ziandike kwenye daftari lako, tutazihitaji mbele.

4. HESABU YA MLIMA: KINACHOCHANGANYA GARI NI SALIO

Hapa ndipo penye somo lenyewe, twende taratibu.

Mtu akikuambia tairi kubwa limepunguza nguvu ya kusukuma kwa asilimia 12, utasema, "Aah, asilimia 12 si kitu." Lakini wewe ni mfanyabiashara. Ukiuza gunia kwa shilingi 100,000 na gharama zako ni 60,000, faida ni 40,000. Bei ikishuka kwa asilimia 12 unauza kwa 88,000. Gharama zimebaki palepale. Faida inakuwa 28,000. Bei imeshuka kwa asilimia 12, faida imeshuka kwa asilimia 30.

Gari nalo liko hivyohivyo. Nguvu ya kusukuma ndiyo mauzo. Mlima, msuguano wa barabara na upepo ndiyo gharama. Kinachobaki ndicho kinachoongeza mwendo. Salio likiwa dogo gari linachanganya polepole, likiisha halichanganyi kabisa, na likiwa hasi mwendo unashuka.

Tuchukue mfano. Kijana analima vitunguu Ruaha Mbuyuni na soko lake liko Iringa mjini. Wanaoifahamu njia hiyo wanajua katikati kuna mlima Kitonga wenye kona zake. Pikapu yake ni dizeli ya lita 3 isiyo na turbo, injini inatoa nguvu ya kusokota ya nyuton mita 200. Gia ya pili ni 2.1, ya tatu ni 1.4, difu ni 4.1. Gari, mzigo wa tani moja na watu wawili, jumla ni tani 2.7. Chukulia yuko sehemu inayopanda mita 8 kwa kila mita 100, na asilimia 10 ya nguvu inapotelea kwenye meno na beringi njiani. Mwinuko, msuguano na upepo vinalirudisha gari nyuma kwa nguvu ya kama kilo 260.

Gia ya tatu, tairi la 205R16: gari linasukuma kwa nguvu ya kilo 287. Gharama ni 260. Salio ni 27. Dogo, lakini lipo. Anapanda na gia ya tatu bila shida.

Gia ya tatu, tairi la 285/75R16: msukumo ni kilo 253. Gharama ni 260. Salio ni hasi. Mwendo unashuka mpaka injini inaanza kutetemeka, inabidi arudi gia ya pili.

Gia ya pili, tairi la 205R16: msukumo ni kilo 431. Salio ni 171.

Gia ya pili, tairi la 285/75R16: msukumo ni kilo 379. Salio ni 119. Msukumo umepungua kwa asilimia 12, salio limepungua kwa asilimia 30.

Kwa lugha ya barabarani: kama nguvu ya injini ingebaki ileile muda wote, kutoka kilomita 20 hadi 40 kwa saa kwenye mwinuko huo kungechukua kama sekunde 9 kwa tairi dogo, na sekunde 13 kwa tairi kubwa. Sekunde 4 ni nyingi sana ukiwa umeshatoka upande wako kulipita lori na mbele kuna kona.

Je, yule aliyeweka 265/70R16? Msukumo wake wa gia ya pili ni kilo 407, salio 147. Amepoteza asilimia 14 ya salio. Atausikia uzito mlimani akiwa na mzigo, ila ataishi nao.

Hii ndiyo sababu gari hilohilo likiwa tupu, kwenye tambarare, unasema liko vizuri. Gharama za njia ziko chini, salio ni kubwa. Unapofika msimu wa mavuno, ukapakia tani na ukaukuta mlima, ndipo unaanza kumlaumu fundi wa nozeli.

Kuna na uzito wa tairi lenyewe. Tairi kubwa na rimu yake ni zito zaidi, na kilo iliyo kwenye kashata la tairi, pembeni kabisa, inaigharimu injini karibu mara mbili ya kilo iliyolala kwenye bodi, kwa sababu injini inabidi iisukume mbele na pia iizungushe. Kwenye gari lililopakia tani moja hili ni jambo dogo ukilinganisha na hesabu ya kimo, lakini linajumlishwa humohumo.

5. MBONA TREKTA LINA TAIRI KUBWA NA LINAVUTA?

Swali zuri. Tairi la nyuma la trekta ni refu kuliko bonde la chai lililopogolewa, na bado linavuta plau ya visahani vitatu. Siri iko kwenye meno. Baada ya giaboksi na difu, matrekta mengi yana seti nyingine ya meno karibu na gurudumu inayopunguza mwendo kwa mara ya mwisho. Waliolitengeneza walijua tairi litakuwa kubwa, wakapanga meno ya kulibeba. Ndiyo maana trekta linakwenda polepole lakini halikwami kirahisi.

Pikapu yako nayo ilitoka kiwandani meno na tairi vikiwa vimepatana. Ukibadili kimoja, umeugusa na mwingine.

Na kama gari lako ni jipya la turbo? Hilux ya dizeli ya lita 2.8, kwa mfano, ina nyuton mita 420 za giaboksi ya mkono na 500 za otomatiki, zaidi ya mara mbili ya gari la mfano wetu. Mauzo ni makubwa, kwa hiyo salio ni kubwa na hasara huioni haraka. Lakini asilimia ya msukumo inayopotea ni ileile. Ukifunga na trela nyuma, utakutana nayo.

6. VITU VINGINE VINAVYOBADILIKA BILA WEWE KUJUA

Spidi. Spidomita inahesabu mizunguko, haijui umefunga tairi gani. Kama ilikuwa sahihi na 205R16, ukiweka 285/75R16 ikisoma 50 wewe uko kama 57. Kwenye vijiji vyenye kibao cha 50, tochi ya trafiki haitasikiliza habari za tairi.

Kilomita za sevisi na mafuta. Unaposoma umetembea kilomita 5,000 tangu kumwaga oili, umetembea karibu 5,700. Na ukigawa kilomita za dashibodi kwa lita ulizoweka, gari litaonekana linakunywa kuliko uhalisia. Kama unaweka kumbukumbu za gharama ya usafiri kwa gunia, na unatakiwa uweke, zidisha kilomita kwa 1.14 kwanza.

Breki. Hapa naomba usome mara mbili. Tairi refu ni mpini mrefu mikononi mwa mzigo. Ukikanyaga pedeli kwa nguvu ileile, breki inashika ardhi pungufu kwa asilimia 12. Na unaposhuka mlima kwa gia, injini nayo inakuzuia pungufu kwa asilimia 12. Unajikuta unakanyaga breki zaidi, zinapata moto, na breki zenye moto hazishiki. Kwenye mteremko mrefu ukiwa na mzigo, shuka gia moja chini ya ile uliyozoea.

Klachi. Kuondoka mlimani na mzigo kunahitaji kuchezea klachi kwa muda mrefu zaidi. Ukisikia harufu kama ya kamba iliyoungua, hiyo ni klachi inakwisha, na pesa yako inakwenda nayo. Kama ni 4x4, tumia gia ile nzito kuondokea kwenye tope au mwinuko mkali wa vumbi. Inazidisha nguvu kwa mara mbili na nusu hivi, na klachi inapumua.

Uwezo wa kubeba. Kimo kikubwa hakimaanishi uwezo mkubwa wa kubeba. Baada ya saizi kuna namba nyingine. Ikiwa 100, tairi moja linabeba kilo 800. Ikiwa 110, linabeba kilo 1,060. Kuna matairi makubwa, yenye sura ya kutisha, yaliyotengenezwa kwa magari ya kutembelea. Kwa gari la mzigo, chagua tairi la mzigo.

7. SASA UFANYE NINI?

Kwanza jiulize unataka nini. Vijana wengi wakibanwa wanasema wanataka gari liinuke kwenye njia mbovu za shamba. Ni sababu ya kweli. Lakini kumbuka chini ya difu unapata nusu tu ya kimo ulichoongeza. Kutoka milimita 734 kwenda 834 ni milimita 100, difu inainuka milimita 50. Sentimita 5. Kama shida yako ni tope la njia ya shamba, kashata zuri na utumiaji sahihi wa 4x4 mara nyingi vinakutoa bila kugusa kimo.

Ushauri wangu ni huu:

Ongezeko lisilozidi asilimia 3: funga, endelea na kazi. Hutasikia tofauti kubwa.

Asilimia 4 hadi 7: inavumilika kama mizigo yako ni ya wastani na njia zako ni tambarare. Kama unapanda milima na tani moja kila wiki, fikiria difu ya hatua moja juu.

Zaidi ya asilimia 10, na gari ni la mzigo: usifunge tairi kabla hujaweka difu kwenye bajeti. Vipige hesabu pamoja kama kitu kimoja.

Kutafuta difu inayofaa ni hesabu ya mstari mmoja. Chukua namba ya difu ya sasa, zidisha kwa kimo cha tairi jipya, gawa kwa kimo cha tairi la zamani.

Kwa 265/70R16: 4.1 mara 777, gawa kwa 734, unapata 4.34. Difu iliyopo ya karibu ni 4.3. Gari linarudi karibu lilivyokuwa.

Kwa 285/75R16: 4.1 mara 834, gawa kwa 734, unapata 4.66. Hakuna namba hiyo kwenye orodha yetu. Zilizo jirani ni 4.556 na 4.875. Kwenye mlima ule wa mfano, gia ya pili, 4.556 inakupa salio la kilo 161, na 4.875 inakupa 191. Mwanzo kabisa lilikuwa 171. Ukiwa mtu wa lami ndefu zaidi chukua 4.556. Ukiwa mtu wa milima na mizigo chukua 4.875.

Usizidishe pia. Difu ya 4.875 na tairi dogo la 734 itakupa gari lenye nguvu ya kuondoka, lakini kwenye lami injini italia kutwa na dizeli itakwenda.

8. TAHADHARI KABLA YA KUNUNUA DIFU

Kama gari lako ni 4x4, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe namba moja. Ukibadili ya nyuma pekee kisha ukaingiza 4x4 mahali pagumu, mbele na nyuma vinazunguka kwa mwendo tofauti vikivutana. Kitu kitavunjika. Bajeti yako iwe ya difu mbili.

Kwa difu ya mtumba, usikubali neno "hii ni ya 4.5" kwa mdomo tu. Hesabu meno ya krauni na ya pinioni kwa macho yako, au zungusha ukihesabu. Angalia meno kama yameliwa, na angalia oili iliyomo kama ina chembe za chuma.

Krauni na pinioni zinauzwa zikiwa jozi zilizosagwa pamoja. Usichanganye ya huku na ya kule. Na upangaji wake unahitaji fundi mwenye vipimo, maana meno yakikaa vibaya hata kidogo difu inaanza kulia, na ikianza kulia imeanza kufa.

Mwisho, kama umeshafunga matairi makubwa na pesa ya difu haipo msimu huu, una njia mbili za haraka. Uza hayo matairi yakiwa bado mapya urudi kwenye saizi ya kiwandani. Au punguza mzigo. Kwenye mfano wetu, ukitoa kilo 250, mlima unakudai kama kilo 236 badala ya 260, na gia ya tatu inapata salio tena. Ni magunia machache yanayobaki nyuma, yatakwenda na safari ya pili.

Kabla ya mavuno haya, chukua chaki na futikamba, pima tairi lako, hesabu difu yako, uandike kwenye daftari la shamba ukurasa wa gari. Ni kazi ya nusu saa. Ukimkuta fundi au muuza matairi anakushawishi, wewe utakuwa na namba mkononi.

Kazi njema shambani, na safari njema sokoni.